Kwa nini mmea uvumiliao ukame hufia sebuleni: kutunza na kuzalisha sakulenti Nyanda za Juu Kusini

Sansevieria yangu ya kwanza, ule mmea wa majani marefu yanayosimama kama panga, ilikufa mwezi wa Julai ikiwa imesimama wima na rangi yake ya kijani haijapungua. Nilipoishika ili kuisogeza nipanguse vumbi, jani zima lilibaki mkononi, na pale lilipokuwa limeungana na udongo palikuwa na ute wa kahawia wenye harufu ya ubao uliolowa. Nilikuwa nimeimwagilia kila Jumamosi bila kukosa, kama nilivyoelekezwa na aliyeniuzia, na ingawa usiku wa Julai hapa Mbeya huweza kushuka hadi nyuzi 6 au 7 za Selsiasi, ratiba yangu haikubadilika hata juma moja. Kwa muda mrefu nilisimulia kwamba baridi ndiyo iliyoniulia ua langu. Leo najua kwamba liliuawa na maji, na kwamba kosa la baridi lilikuwa kuyazuia maji yale yasinywewe na mizizi wala yasikauke.

Karibu kila jambo linalowatatiza wapenzi wa maua haya limo ndani ya kisa hicho. Maelekezo tunayopewa huhesabu siku: mwagilia kila baada ya siku 7, au kila baada ya siku 14, au mara moja kwa mwezi. Mmea wenyewe hauna habari na siku. Unachokifuata ni kiasi cha mwanga kilichoufikia, ubaridi wa usiku, na kasi ya udongo wake kukauka, na mambo hayo matatu katika nyanda zetu za juu hubadilika kwa mpangilio ambao haufanani na wa Ulaya, yanakotoka maelekezo mengi, wala na wa Dar es Salaam, inakotoka miche mingi inayouzwa mijini kwetu.

Kwanza tukubaliane kuhusu jina. Sakulenti si ukoo mmoja wa mimea bali ni tabia inayopatikana katika koo nyingi zisizohusiana, nayo ni ile ya kunenepesha jani, shina au mzizi ili kuhifadhi maji ya wakati wa shida. Mshubiri, ambao wengi sasa wanauita alovera, huweka akiba hiyo katika majani. Mnyaa, unaopandwa kuwa uzio wa nyumba na mazizi, huiweka katika vijiti vyake vya kijani. Zamiokulkasi, yenye majani ya kung'aa na inayopendwa katika ofisi, huiweka zaidi chini ya udongo katika viazi vyake. Huo wa mwisho ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, uliokwenda kuzalishwa kwa wingi na wakulima wa maua wa Uholanzi kisha ukaturudia ukiwa ndani ya chungu cheupe chenye bei ya kushtua. Ekeveria, ile yenye majani yaliyojipanga kama ua la waridi, asili yake ni Meksiko na nchi za jirani, na krasula yenye majani ya mviringo kama sarafu hutoka Afrika Kusini na Msumbiji.

Mmea unaofungua milango usiku

Mimea mingi hufungua mchana vitundu vidogo vya majani yake, ambavyo shuleni tulivijua kwa jina la stomata, ili iingize hewa ukaa inayohitajika katika usanisinuru. Mlango wa kuingizia hewa ndio huohuo wa kutolea maji, na kwa hiyo kila gramu ya hewa inayoingia ina gharama yake. Mmea wa kundi la maharage hupoteza takriban gramu 400 hadi 500 za maji kwa kila gramu 1 ya hewa ukaa inayoipata. Mahindi, yenye mbinu bora kidogo, hupoteza takriban gramu 250 hadi 300. Na sakulenti nyingi hupoteza gramu 50 hadi 100 tu. Siri ya tofauti hiyo ni kwamba sakulenti hufunga vitundu vyake mchana, jua likiwa kali, na kuvifungua usiku hewa inapopoa na unyevu unapoongezeka.

Kwa kuwa usiku hakuna mwanga wa kuendeshea usanisinuru, hewa ukaa iliyoingia hugeuzwa kuwa asidi ya malik, ileile inayolifanya tofaa bichi kuwa chachu, na kuhifadhiwa ndani ya seli mpaka asubuhi. Jua linapochomoza mmea hufunga vitundu vyake, huitoa hewa ile kutoka kwenye asidi, na kuitumia kutengeneza sukari milango ikiwa imefungwa. Mwaka 1813 mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, akiwa India, aliandika kwamba majani ya kalankoe, sakulenti nyingine, aliyoyaonja asubuhi yalikuwa makali kwa uchachu, lakini adhuhuri ladha hiyo ilikuwa imetoweka. Sishauri mtu arudie jaribio lake, kwa kuwa kalankoe zina sumu, lakini ulimi wake ulikuwa umegundua jambo ambalo wanasayansi walichukua zaidi ya karne moja kulieleza kikamilifu, na ambalo mpaka leo huitwa kwa jina la ukoo wa krasula.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni kwamba mmea huu hunywa polepole kwa maumbile yake, na mizizi iliyozungukwa na maji ambayo mmea hauyahitaji hukosa hewa, hudhoofika na kuvamiwa na kuvu. La pili ni kwamba ubaridi wa usiku wa nyanda za juu, ukiwa wa kadiri, si adui. Mchana wa nyuzi 22 na usiku wa nyuzi 12, hali ya kawaida Mbeya na Iringa kwa miezi mingi ya mwaka, huufaa utaratibu huu wa kufungua milango usiku kuliko joto la pwani lisilopungua hata saa nane za usiku. Ndiyo maana ekeveria iliyohangaika Dar es Salaam huweza kuletwa Uyole, hapa Mbeya, ikanawiri.

Pia hapa ndipo linapoanguka dai linalopendwa na wauzaji, kwamba sansevieria ikiwekwa chumbani hutoa oksijeni usiku na kusafisha hewa. Kuingiza hewa ukaa usiku ni kweli. Kutoa oksijeni ni kazi ya mwanga, nayo hufanyika mchana. Kuhusu kusafisha hewa, utafiti wa mwaka 1989 wa shirika la anga la Marekani, NASA, unaotajwa kila mahali, ulifanyika ndani ya masanduku yaliyozibwa, na mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikadiria kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili kuifikia kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayopita nyumbani. Kufungua dirisha ni rahisi zaidi.

Dirisha lipi?

Vitabu na video nyingi husema mmea uwekwe kwenye dirisha linalotazama kusini. Ushauri huo ni sahihi kwa mtu aliye London, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Mbeya ipo takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na Iringa takriban nyuzi 8, kwa hiyo jua letu huhama. Kuanzia mwishoni mwa Februari mpaka katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Katika miezi minne iliyobaki hupita upande wa kusini, likiwa juu sana, na miezi hiyo ndiyo ya mvua na mawingu. Dirisha la kaskazini basi hupata jua kwa miezi 8, kipupwe chote kikiwemo, ilhali dirisha la kusini hungoja miezi ambayo jua lenyewe halionekani vizuri. Dirisha la mashariki ni zuri mwaka mzima kwa sababu jua la asubuhi ni la upole. La magharibi hutosha, lakini mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kioo chake huweza kuunguza majani laini.

Urefu wa mchana pia hautusumbui. Kati ya Juni na Desemba mchana wa Mbeya hutofautiana kwa saa moja hivi, wakati London hutoka kwenye mchana wa saa 8 hadi ule wa zaidi ya saa 16. Kwa hiyo msimu wa giza, unaowafanya Wazungu wanunue taa za kukuzia maua, kwetu haupo. Tulicho nacho ni kipindi cha baridi kikavu chenye jua safi, Juni hadi Agosti, na kipindi cha mvua chenye uvuguvugu lakini mwanga hafifu, Novemba hadi Aprili. Nionavyo mimi, kipindi cha pili ni cha hatari zaidi kwa mimea ya ndani, kwa sababu mwanga unapungua, udongo haukauki, na mwenye nyumba, akiona ni msimu wa kupanda, hupata hamu ya kumwagilia.

Nyumba zetu nazo zina namna ya kuula mwanga. Dirisha lenye nondo, wavu wa mbu na pazia zito hubakiza sehemu ndogo tu ya kile kilichogonga kioo, na hatua mbili kutoka dirishani macho yetu huona kuna mwanga wa kutosha ilhali mmea upo njaani. Kipimo kisicho na gharama ni kivuli cha mkono: saa sita mchana nyosha mkono juu ya mahali unapotaka kuweka chungu. Kivuli chenye kingo dhahiri kinaonyesha mahali panapofaa ekeveria, sedumu na krasula. Kivuli chenye kingo zilizofifia kinafaa haworthia na gasteria, sakulenti ndogo zilizo jamaa za mshubiri, pamoja na sansevieria. Pasipo na kivuli kabisa, weka picha ukutani.

Mmea uliokosa mwanga hurefuka ukitafuta dirisha. Majani huachana, shina huwa jembamba na rangi hupauka. Urefu huo haurudi nyuma hata ukiupeleka juani, isipokuwa kwa kukata kichwa, jambo nitakalolieleza mbele. Anayeupeleka juani aupeleke taratibu kwa siku 10 hadi 14, akianza na muda wa saa moja tu wa jua la asubuhi, kwa kuwa jua la nyanda za juu lina miale mikali kuliko ubaridi wake unavyoonyesha, na baka jeupe la kuungua hubaki kwenye jani mpaka jani hilo lianguke. Wekundu wa kingo za majani ni jambo jingine. Ni rangi ya kujikinga, wala si ugonjwa.

Udongo na chungu

Udongo wa Tukuyu, uliotokana na majivu ya volkano, husifiwa kwa haki: hushika maji kwa muda mrefu na kulisha migomba na chai. Sifa hiyohiyo huufanya kuwa mbaya ndani ya chungu cha sakulenti. Udongo mwekundu wa Njombe na Mufindi ukijazwa peke yake hushikamana kama tofali baada ya kumwagiliwa mara kadhaa. Mimea hii kwa asili hukua kwenye nyufa za miamba, ambako mvua hupita ikienda zake na kuacha unyevu kidogo, na kazi yetu ni kuiga ufa huo.

Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu 1 ya udongo wa bustani au mboji iliyooza kabisa, sehemu 1 ya mchanga mkubwa wa mto uliochekechwa ili vumbi litoke, na sehemu 1 ya kitu chepesi chenye vitundu. Hapo ndipo tunapobahatika. Mlima Rungwe ulipolipuka miaka takriban 4000 iliyopita ulitandaza katika eneo hili mawe mepesi yenye vitundu, yale yanayoelea majini na ambayo wengine huyatumia kusugulia nyayo, na ndiyo ambayo wakuzaji wa sakulenti duniani kote huyanunua kwenye mifuko kwa bei kubwa. Yakipondwa kufikia ukubwa wa punje za mahindi hakuna kinachoyashinda. Asiye na mawe hayo atumie pumba za mpunga zilizochomwa mpaka ziwe nyeusi bila kuwa majivu. Mashine za kukoboa mpunga za Kyela na za bonde la Usangu hazina uhaba wa pumba.

Kuna desturi ya kuweka kokoto chini ya chungu kabla ya udongo, ati maji yapate njia. Desturi hii imeenea sana na si sahihi. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ishike ikiwa imelala mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe: itadondosha tena. Udongo hufanya vivyo hivyo, yaani sehemu yake ya chini kabisa hubaki na tabaka la maji ambalo uzito wake hautoshi kuyavuta yatoke, na tabaka hilo huwa na kimo kilekile bila kujali kilicho chini yake. Ukiweka kokoto, unalipandisha tabaka hilo karibu zaidi na mizizi. Kinachosaidia ni udongo wenye chembe kubwa, tundu chini, na chungu kisicho kipana na kifupi kupita kiasi. Kipande cha wavu wa mbu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Vyungu vya udongo wa kuchomwa ni bora kuliko vya plastiki kwa anayependa kumwagilia, kwa kuwa kuta zake hupitisha unyevu. Vile vya Wakisi, vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuuzwa katika soko la Lyulilo karibu na Matema, vinapendeza mno, lakini vimetengenezwa kwa kupikia na kuhifadhia maji, havina tundu. Kitundu hutobolewa kwa msumari unaozungushwa polepole baada ya chungu kulowekwa usiku kucha. Anayepiga kwa nyundo atapata vigae. Kwa vikapu vya milulu vya Iringa, ambavyo sasa ni mtindo wa kufunikia vyungu, tahadhari ni moja: wengi huweka mfuko wa nailoni ndani ili kikapu kisilowe, na maji yaliyotuama humo hayaonekani mpaka harufu itoke.

Maji

Hapa maneno hayahitaji kuwa mengi. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, mwaga yaliyobaki kwenye sahani, kisha subiri mpaka udongo ukauke wote, si juu tu. Kijiti cha mshikaki kikichomekwa mpaka chini ya chungu na kuachwa dakika 10 kitasema ukweli: kikitoka na weusi au ubaridi wa unyevu, subiri. Kunyanyua chungu na kukisikia uzito ni njia bora zaidi kwa aliyekwisha kukizoea. Jani la chini linapoanza kulegea na kukunjana kidogo mmea una kiu. Jani linapokuwa la manjano, laini na linalopenyeza mwanga, maji yamezidi. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza hurekebishwa kwa siku mbili, la pili mara nyingi halirekebishiki.

Kwa kufuata kijiti hicho, nyumbani kwangu hutokea kwamba ekeveria ya dirishani hunywa karibu kila baada ya siku 10 mwezi wa Septemba na Oktoba, na mara moja kwa majuma manne au zaidi katikati ya kipupwe. Iringa, penye upepo na ukavu zaidi, vipindi hivyo hufupika. Tukuyu hurefuka sana. Makete na Njombe, ambako baridi huweza kufikia umande wa barafu, chungu kisiguse kioo usiku, na sansevieria pamoja na waridi la jangwani, ambazo huumia chini ya nyuzi 10, zihamishiwe katikati ya chumba na kuachwa kavu kabisa mpaka Agosti ipite. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani ili kupasha chumba joto. Moshi wake hudhuru majani, lakini kabla ya hapo huua watu, na hilo halina mjadala.

Mbolea ni suala dogo. Aliyezoea kuwekea mahindi urea asiilete kwenye chungu, kwa kuwa nitrojeni nyingi hulifanya jani kuwa laini na refu. NPK iliyoyeyushwa kwa robo ya kipimo kilichoandikwa, mara mbili kati ya Septemba na Desemba, inatosha.

Jani linapogeuka mche

Uwezo wa kuzaliana kwa kipande unatokana na akiba ileile ya maji. Jani la mchicha lililokatwa hunyauka kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo halipati muda wa kuota mizizi. Jani la ekeveria hubeba maji ya kuliwezesha kuishi majuma kadhaa bila mzizi wowote, na katika majuma hayo seli zilizo kwenye kitako chake huanza kugawanyika na kutengeneza mizizi, kisha mche mzima. Neno la kushika ni kitako. Seli zenye uwezo huo zipo pale jani linaposhikana na shina, na kwa hiyo jani lililokatwa katikati kwa kisu litakauka tu. Shika jani nono la chini, liyumbishe kushoto na kulia mpaka liachie lenyewe likiwa zima.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi kwa sababu haina cha kufanya. Jani huachwa kivulini mahali pakavu kwa siku 3 hadi 5, shina nene kwa siku 7 na zaidi, mpaka kidonda kifunge na kuwa na ngozi ngumu. Kidonda kibichi kikizikwa kwenye udongo wenye unyevu ni mlango wazi kwa kuvu. Wengine hupaka majivu, wengine mdalasini, na madukani kuna unga wa homoni ya mizizi. Nimejaribu vyote na sijaona kilichoushinda ukavu wa hewa ya Septemba. Baada ya hapo lilaze jani juu ya udongo bila kulizika, usimwagilie mpaka uone mizizi ya pinki au myeupe ikijitokeza, kwa kawaida baada ya majuma 2 hadi 4, kisha anza kunyunyiza kidogo pale mizizi ilipo. Jani mama litakunjamana kadiri mche unavyolinyonya. Lisibanduliwe mpaka likauke lenyewe.

Si kila sakulenti inakubali njia hii, na hapa ndipo watu hupoteza muda. Jani la mshubiri halioti. Nimeona makopo mengi yenye vipande vya alovera vilivyosimamishwa kwa matumaini, na vyote huishia kuoza, kwa kuwa jani hilo halina seli za kuanzisha chipukizi. Mshubiri huzaa watoto pembeni ya shina lake. Wangoje wafikie urefu wa kiganja, toa mmea wote kwenye chungu, na uwatenganishe kwa mkono au kisu safi kila mmoja akiwa na mizizi yake. Haworthia na gasteria hutenganishwa vivyo hivyo. Utomvu wa manjano unaotoka kwenye jani la mshubiri likikatwa ndio shubiri yenyewe, ile ya msemo wa mchungu kama shubiri, nao huharisha; ute mweupe wa katikati ni kitu tofauti.

Sansevieria huota kwa kipande chochote cha jani, mradi kipande kisigeuzwe juu chini, kwa hiyo mkataji aweke alama upande wa chini kabla hajachanganya vipande. Mizizi hutoka baada ya mwezi mmoja hadi miwili, na chipukizi linaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi. Anayekata ile yenye kingo za manjano hushangaa kuona watoto wote wametoka kijani kitupu, akadhani ameuziwa uongo. Sababu ni kwamba jani lile limeundwa na tabaka za seli za aina mbili zilizokaa pamoja, na chipukizi jipya huanza kutoka kwenye seli za aina moja tu, zile za kijani. Michirizi ya manjano hupatikana tena kwa njia moja: kugawanya shina la chini ya udongo, kila sehemu ikiwa na majani na mizizi yake.

Ekeveria au krasula iliyorefuka kwa kukosa mwanga huokolewa kwa kukatwa kichwa. Kata kwa wembe safi ukibakiza sentimita 3 au 4 za shina chini ya majani, kausha kwa juma zima, kisha simamisha juu ya udongo mkavu. Kisiki kisitupwe; kwa kawaida huchipua vichwa viwili au vitatu kwenye makovu ya majani ya zamani, na mmea mmoja mbaya huwa mitatu mizuri.

Wakati wa kufanya haya yote, kwa maoni yangu, ni kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka Oktoba. Joto linapanda, hewa bado kavu, na kidonda hufunga haraka. Kipande kilichokatwa Juni hakifi, bali hukaa tu kikisubiri. Kilichokatwa Januari hukauka polepole na mara nyingi huoza kabla ya kufunga.

Kalankoe ya Madagaska, ile yenye vitoto vidogo vilivyojipanga kwenye kingo za majani kama meno ya msumeno, haihitaji msaada wowote, na tatizo lake ni kinyume. Kila kitoto kinachoanguka huota, iwe kwenye chungu cha jirani au kwenye ufa wa baraza. Kwa kuwa ina sumu inayodhuru moyo wa mifugo, mabaki yake yasitupwe shambani wala zizini, yachomwe. Mnyaa na jamaa zake nao wana utomvu mweupe unaoweza kumpofusha mtu kwa muda ukiingia machoni, kwa hiyo anayewakata avae glavu na asijipanguse uso.

Mdudu wa kuangaliwa ni mmoja hasa, yule mweupe anayefanana na kipande cha pamba na kujificha kwenye makwapa ya majani. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye chungu, mtafute, kwa sababu wao hufuata utamu anaoutoa na humlinda. Pamba iliyochovywa kwenye spiriti humwondoa, ikirudiwa kila baada ya siku 5 mara tatu au nne. Mmea ukidhoofika bila sababu inayoonekana, utoe kwenye chungu uangalie mizizi, maana huweza kuishi huko pia.

Miche ikizidi nafasi ya dirishani hupewa ndugu, na sakulenti husafiri vizuri kuliko mmea mwingine wowote ikiwa haijalowanishwa. Ing'oe, kung'uta udongo wote, iache ikauke siku mbili, izungushie gazeti na kuiweka kwenye boksi. Itafika Songea au Dodoma bila shida, na hata ikikaa majuma mawili haitalalamika. Mwaka 1893 miche ya mkonge, nayo ni sakulenti iliyozalishwa bila mbegu, ilifikishwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf baada ya safari ndefu kutoka Florida kupitia Hamburg: kati ya miche 1000 iliyotumwa, 62 ilifika hai, na mashamba ya mkonge ya Tanganyika yakaanzia hapo. Atakayepokea boksi lako aipande kwenye udongo mkavu, na asiipe maji mpaka juma moja lipite, ili mizizi iliyokatika njiani ipate kufunga vidonda vyake.